Dakika tano za kwanza: Yafahamu masoko ya awali ya kubashiri michezo ya kielektroniki

RAUNDI ya kwanza ya mchezo wa Counter-Strike haifikishi dakika tatu. Timu mbili, kila moja ikiwa na wachezaji watano, huingia uwanjani zikiwa na bastola tu, hupambana, na mara moja mshindi hujulikana. Mchezo wenyewe ndio kwanza umeanza, lakini mtu aliyeweka dau lake juu ya raundi hiyo amekwisha kushinda au kupoteza, na tayari anaangalia mahali pa kuweka dau jingine.

Hilo ndilo umbo la kile kinachoitwa soko la awali katika kubashiri michezo ya kielektroniki ya ushindani. Ni dau linalohusu tukio la mwanzo wa mchezo, si mshindi wa mchezo mzima. Masoko ya aina hiyo yameongezeka sana tangu mashindano haya yalipoanza kujaza kumbi kubwa za Ulaya, Asia na Amerika, na leo yanapatikana hata katika simu ya mkononi ya kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, ambaye hadi jana mkeka wake ulikuwa wa soka pekee.

Makala haya yanaeleza masoko hayo ni yapi, kwa nini tukio moja la mwanzo huwa na uzito kuliko jingine, odi zake hupangwaje, na kwa nini wasimamizi wa michezo huyatazama kwa jicho la tahadhari kuliko masoko mengine yote.

Michezo yenyewe ni ipi

Michezo mitatu ndiyo inayotajwa zaidi katika ubashiri wa aina hii. Wa kwanza ni Counter-Strike, mchezo wa kulenga shabaha ambao toleo lake la Global Offensive lilitoka mwaka 2012 na kurithiwa na Counter-Strike 2 Septemba 2023. Wa pili ni League of Legends wa kampuni ya Riot Games, uliotoka mwaka 2009 na wenye mashindano ya dunia tangu mwaka 2011. Wa tatu ni Dota 2 wa kampuni ya Valve, ambao mashindano yake makuu yaitwayo The International yalianza Cologne, Ujerumani, mwaka 2011. Mwaka 2021 zawadi za mashindano hayo zilipita dola milioni 40 za Marekani.

Counter-Strike huchezwa kwa raundi. Upande mmja hushambulia na kujaribu kutega bomu, upande wa pili hulinda. League of Legends na Dota 2 ni ndugu wa ukoo mmoja: timu mbili za watu watano hukutana katika uwanja wenye njia tatu na msitu katikati yake, kila mchezaji akiongoza mhusika mwenye uwezo wake maalumu. Timu hupora dhahabu, huangusha minara ya adui, na mshindi ni yule anayelibomoa jengo kuu la mwenzake. Mchezo mmoja huchukua nusu saa hivi, pengine zaidi.

Katika michezo yote mitatu, pambano rasmi mara nyingi huwa ni mfululizo wa michezo mitatu au mitano. Mchezo mmoja ndani ya mfululizo katika Counter-Strike huitwa ramani, na ubashiri wa awali huhesabiwa kwa kila ramani au kila mchezo peke yake. Kwa hiyo pambano moja linaweza kuzaa masoko ya awali matano au kumi kabla halijakwisha.

Soko la awali ni nini

Katika Counter-Strike, soko la awali linalojulikana zaidi ni la mshindi wa raundi ya bastola. Yapo pia ya timu itakayotangulia kufikisha idadi fulani ya raundi.

Katika League of Legends na Dota 2, maarufu zaidi ni soko la damu ya kwanza, yaani timu itakayotangulia kumwua mchezaji wa upande wa pili. Hufuatiwa na mnara wa kwanza kuangushwa, joka wa kwanza kuuawa katika League of Legends, Roshan wa kwanza katika Dota 2, na timu itakayotangulia kufikisha mauaji matano au kumi.

Masoko haya yanafanana katika mambo matatu. Huisha upesi. Huhusu tukio moja badala ya mchezo mzima. Na mara nyingi huwa na majibu mawili tu: timu hii au ile. Sifa hizo tatu ndizo zinazoyafanya yavutie, na ndizo hizo hizo zinazoyafanya yawe ghali na hatari.

Raundi ya bastola na uzito wake

Ili kuelewa kwa nini raundi ya bastola hupewa soko lake, hapana budi kuelewa uchumi wa Counter-Strike. Kila mchezaji huanza na dola 800 za mchezo. Fedha hizo hazitoshi kununua bunduki ya maana: vazi la kuzuia risasi pekee ni dola 650, na bunduki ya AK-47 ni dola 2,700. Kwa hiyo raundi ya kwanza huchezwa kwa bastola, na pande zote mbili huwa na silaha zinazolingana.

Baada ya hapo usawa huvunjika. Timu iliyoshinda kwa kuwamaliza wapinzani hulipwa dola 3,250 kwa kila mchezaji, ilhali iliyoshindwa hupewa kifuta jasho kidogo zaidi, ambacho huongezeka kadiri inavyozidi kupoteza mfululizo hadi kufikia dola 3,400. Katika raundi ya pili, basi, mshindi huingia na silaha nzuri, na aliyeshindwa mara nyingi huamua kubana matumizi ili aweze kununua silaha kamili baadaye. Ndiyo maana anayeshinda raundi ya bastola huwa na nafasi kubwa ya kushinda na inayofuata.

Uzito huo uliongezeka mwaka 2023. Katika toleo la zamani, mchezo wa kawaida ulikuwa na raundi 30 na mshindi alihitaji 16. Raundi za bastola zilikuwa mbili, ya 1 na ya 16. Katika Counter-Strike 2, raundi ni 24, mshindi huhitaji 13, na raundi za bastola ni ya 1 na ya 13. Idadi ya raundi za bastola haikubadilika, lakini safari imekuwa fupi, na aliyejikwaa mlangoni ana muda mchache wa kujiinua. Mtu anayetumia takwimu za kabla ya mwaka 2023 kubashiri michezo ya leo anatumia ramani ya mji uliokwisha kubomolewa na kujengwa upya.

Mambo mengine yanayoathiri raundi hiyo ni ramani inayochezwa na upande wa kuanzia. Ziko ramani zinazowapendelea walinzi na ziko zinazowapa washambuliaji nafuu. Timu moja inapochagua ramani, kwa kawaida nyingine huchagua upande. Upande usipoamuliwa hivyo, huchezwa raundi fupi ya visu ili mshindi achague. Raundi ya visu haihesabiwi kuwa raundi ya kwanza.

Damu ya kwanza na kazi ya uteuzi

Katika League of Legends na Dota 2, mchezo huanza kabla ya kuanza. Makapteni na makocha kwanza huwazuia baadhi ya wahusika wasitumike, kisha huchagua wa kwao. League of Legends ina wahusika zaidi ya 160, na katika mashindano kila timu huzuia watano. Uteuzi huo ndio unaoamua kama timu imejengwa kwa vita vya mapema au kwa subira.

Timu iliyochagua wahusika wenye nguvu za mapema hulazimika kuanzisha ugomvi, kwa sababu muda ni adui wake. Iliyochagua wahusika wanaokomaa polepole hujifungia chini ya minara yake na kungoja. Timu ya pili inaweza kutoa damu ya kwanza, kupoteza mnara wa kwanza na joka wa kwanza, na bado ikashinda mchezo kama ilivyopanga. Kwa maneno mengine, anayebashiri damu ya kwanza habashiri timu bora. Anabashiri timu yenye haraka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huona timu kubwa ikicheza na timu ndogo, wakadhani ubora utaonekana tangu dakika ya kwanza. Ubora huonekana kwa urefu wa mchezo. Tukio moja la dakika ya tatu linaweza kuamuliwa na mchezaji mmoja aliyesogea hatua mbili mbele kuliko ilivyompasa. Katika Dota 2 timu hugombania vito vya dhahabu mara saa ya mchezo inapogonga sifuri, na damu ya kwanza inaweza kumwagika hapo hapo, kabla mipango ya mtu yeyote haijaanza kutekelezwa.

Hata thamani ya tukio lenyewe si kubwa kama jina lake linavyotisha. Katika League of Legends, kumwua mchezaji asiye na sifa ya ziada hulipa dhahabu 300, na kwa miaka mingi damu ya kwanza imekuwa ikiongeza 100 juu yake. Ni faida, lakini si ushindi. Joka wa kwanza, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitokea dakika ya 5, huipa timu nguvu kidogo ya kudumu, na uzito wake kamili huja pale tu timu inapokusanya majoka manne.

Kuanzia msimu wa 2025, Riot Games ilianza kutumia kanuni inayokataza mhusika aliyekwisha kutumika katika mfululizo kutumika tena katika michezo inayofuata ya mfululizo huo. Matokeo yake ni kwamba mchezo wa nne au wa tano huchezwa na wahusika ambao si chaguo la kwanza la mtu yeyote. Takwimu za damu ya kwanza za mchezo wa kwanza wa mfululizo hazisemi mengi kuhusu mchezo wa tano.

Ushahidi kwamba mwanzo si mwisho ulionekana mbele ya dunia nzima Novemba 2022 mjini San Francisco, katika fainali ya dunia ya League of Legends. Timu ya T1 ya Korea Kusini ilishinda mchezo wa kwanza dhidi ya DRX, pia ya Korea Kusini. DRX, iliyokuwa imeanzia katika hatua ya mchujo, iliibuka bingwa kwa michezo 3 kwa 2.

Odi hupangwaje

Odi ni namba inayozidisha dau pale mbashiri anaposhinda. Odi ya 2.50 ina maana kwamba dau la Sh1,000 likishinda hurudisha Sh2,500. Kuijua nafasi iliyofichwa ndani ya odi ni rahisi: gawanya 1 kwa odi hiyo. Moja gawanya kwa 2.50 ni asilimia 40.

Kama kampuni ingekuwa haitafuti faida, nafasi za majibu yote ya soko moja zingejumlika kuwa asilimia 100 kamili. Haziwi hivyo kamwe. Kinachozidi 100 ndicho pato la kampuni.

Chukua mfano wa soko la mshindi wa pambano lenye odi za 1.40 na 3.00. Nafasi zake ni asilimia 71.4 na 33.3, jumla 104.7. Ziada ni kama asilimia 4.7. Sasa chukua soko la damu ya kwanza ambalo pande zote mbili zimepewa 1.85. Kila upande ni asilimia 54.05, jumla 108.1. Ziada imepanda hadi zaidi ya asilimia 8.

Kwa nini soko dogo liwe ghali zaidi? Kwa sababu kampuni haina uhakika nalo. Mshindi wa pambano huwavutia wabashiri wengi, na fedha zao huisaidia kampuni kuiona bei sahihi. Damu ya kwanza huchezwa na wachache, taarifa zake ni haba, na mtu mmoja mwenye habari za ndani anaweza kuiumiza kampuni. Kwa hiyo kampuni hujikinga kwa njia mbili: hupandisha ziada, na huweka kikomo cha chini cha dau inaloweza kupokea.

Gharama hiyo humwangukia mbashiri. Ikiwa nafasi halisi ni nusu kwa nusu na odi ni 1.85, basi kwa kila Sh1,000 anayoweka atarudishiwa wastani wa Sh925. Sh75 zimekwenda. Akiweka dau la namna hiyo mara 20 katika jioni moja ya mashindano, jambo linalowezekana kabisa kwa kuwa kila soko huisha kwa dakika chache, wastani wa hasara yake ni Sh1,500. Kasi ya soko ndiyo inayomla, kuliko hata odi yenyewe.

Mkeka humla haraka zaidi. Akiunganisha damu ya kwanza ya michezo minne, kila mmoja kwa odi ya 1.85, odi ya mkeka huwa 11.71. Inaonekana nono. Lakini nafasi ya kupatia mara nne mfululizo katika jambo la nusu kwa nusu ni 1 kati ya 16, na malipo ya haki yangekuwa mara 16. Kwa kila Sh1,000 za mkeka huo, wastani unaorudi ni Sh732. Ziada ya kampuni haikujumlishwa mara nne. Imezidishwa mara nne.

Takwimu zinazodanganya

Tovuti nyingi hutoa orodha za timu zinazoongoza kwa kushinda raundi za bastola au kupata damu ya kwanza. Orodha hizo ni za kweli, lakini mara nyingi husomwa vibaya.

Tuseme timu imeshinda raundi 12 kati ya 20 za bastola. Hiyo ni asilimia 60, na mtu angeweza kudhani timu hiyo ina siri fulani. Lakini sarafu ikirushwa mara 20, nafasi ya kupata upande mmoja mara 12 au zaidi ni kama robo. Yaani kati ya timu nne zisizo na siri yoyote, moja itaonekana mahiri kwa bahati tupu. Mashindano makubwa yana timu nyingi kuliko nne, na kwa hiyo kileleni mwa orodha daima atapatikana anayeonekana gwiji.

Ili takwimu ziwe na maana zinahitaji michezo mingi sana. Tatizo ni kwamba michezo mingi huchukua muda mrefu, na ndani ya muda huo wachezaji huhama timu, makocha hubadilishwa na watengenezaji hutoa marekebisho ya mchezo. Namba zinapofikia wingi wa kutosha, timu iliyozizalisha haipo tena.

Hili halina maana kwamba uchambuzi hauna kazi. Kujua upande wa kuanzia, ramani, aina ya wahusika walioteuliwa na tabia ya mchezaji anayezurura msituni ni taarifa halisi. Swali ambalo mbashiri hana budi kujiuliza si kama taarifa hiyo ni ya kweli, bali kama kampuni haikuiona kabla yake. Odi hubadilishwa mara uteuzi unapokamilika, na mara nyingi hubadilishwa na programu, si na binadamu.

Picha inayochelewa

Jambo jingine lisilojulikana na wengi ni kwamba matangazo ya michezo ya kielektroniki huwa hayaonyeshi kinachotokea sasa hivi. Waandaaji huchelewesha picha kwa makusudi ili mchezaji asipate msaada kutoka kwa mtu anayeangalia matangazo. Muda wa kuchelewa hutofautiana na mashindano, na intaneti huongeza sekunde zake juu ya huo.

Kampuni kubwa za kubashiri, kwa upande wao, hununua data rasmi inayotoka moja kwa moja katika seva ya mchezo. Mtazamaji anapoona timu ikivizia adui msituni na kukimbilia simu yake kuweka dau la damu ya kwanza, huenda damu hiyo ilikwisha kumwagika zamani na kampuni inajua. Ndiyo sababu masoko hayo hufungwa ghafla, au dau husubirishwa kabla ya kukubaliwa. Katika soko linaloishi dakika tatu, anayechelewa nusu dakika si mbashiri tena. Ni mtoaji sadaka.

Kadhalika ni vema kusoma kanuni za kampuni kabla ya dau. Mchezaji akiuawa na mnara na si na adui, je, hiyo ni damu ya kwanza? Mchezo ukirudiwa kwa sababu ya hitilafu ya mtambo, dau la raundi ya kwanza lisimame au lirejeshwe? Majibu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na malalamiko ya baada ya tukio huamuliwa kwa kanuni zilizoandikwa, si kwa mazoea ya mchezaji.

Mwanya wa udanganyifu

Sababu kubwa ya masoko ya awali kutazamwa kwa wasiwasi ni kwamba tukio dogo ni rahisi kuuzwa. Kuuza mchezo mzima kunahitaji watu kadhaa wakubaliane, na timu nzima hubeba aibu ya kushindwa. Kuuza damu ya kwanza kunahitaji mtu mmoja, hatua moja ya kizembe, na timu inaweza kushinda mchezo baadaye bila mtu kukumbuka.

Michezo ya zamani imekwisha kulijua jambo hilo. Mwanasoka wa zamani wa Southampton, Matthew Le Tissier, alikiri katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2009 kwamba mwaka 1995, katika mechi dhidi ya Wimbledon, alishiriki mpango wa kuutoa mpira nje mara baada ya mechi kuanza, kwa kuwa fedha zilikuwa zimewekwa juu ya muda wa mpira wa kurusha wa kwanza. Mpango ulikwama kwa sababu mpira haukutoka upesi kama ilivyotakiwa. Katika kriketi, wachezaji watatu wa Pakistan walifungwa jela nchini Uingereza Novemba 2011 kwa kupanga mipira haramu irushwe wakati uliokubaliwa, katika mechi ya mwaka 2010 uwanjani Lord's. Hakuna aliyeuza matokeo ya mechi. Waliuza vipande vyake.

Michezo ya kielektroniki ina makovu yake. Mwaka 2010 Korea Kusini ilitikiswa na kashfa ya kupanga matokeo katika StarCraft, na miongoni mwa waliofungiwa maisha alikuwamo Ma Jae-yoon, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mchezo huo. Juni 2013 mchezaji wa Dota 2 kutoka Urusi, Alexei Berezin, aliweka dau dhidi ya timu yake mwenyewe na timu ikapoteza. Malipo aliyoyawinda yalikuwa dola 322. Alifungiwa, adhabu ikapunguzwa baadaye hadi mwaka mmoja, lakini namba 322 imebaki kuwa kejeli ambayo mashabiki humrushia kila mchezaji anayefanya uzembe.

Januari 2015 Valve iliwazuia watu saba kushiriki mashindano yake kutokana na mechi ya Counter-Strike ya Agosti 2014 kati ya iBUYPOWER na NetcodeGuides. Malipo katika sakata hilo yalikuwa mapambo ya silaha za ndani ya mchezo, yanayouzika kwa fedha halisi. Mwaka 2016 Lee Seung-hyun, bingwa wa dunia wa StarCraft II wa mwaka 2014, alitiwa hatiani Korea Kusini kwa kupoteza michezo kwa malipo.

Kwa kuona hatari hiyo, tume ya uadilifu ijulikanayo kwa kifupi ESIC iliundwa mwaka 2016. Oktoba 2020 iliwafungia wachezaji saba wa Counter-Strike wa Australia kwa miezi 12 kwa makosa ya kubashiri. Tume hiyo hushirikiana na kampuni za kubashiri, ambazo huripoti fedha zinapomiminika kwa namna isiyo ya kawaida katika soko dogo.

Kesi nyingi kati ya hizo haziwahusu mamilionea. Huwahusu vijana wa ligi za chini, wanaolipwa kidogo au wasiolipwa kabisa, ambao dau la mtu mmoja linaweza kuzidi zawadi ya mashindano yao. Masoko ya awali ya ligi hizo, ambazo hazina watazamaji wala waangalizi wa kutosha, ndiyo yanayopaswa kuogopwa kuliko yote.

Sheria na umri

Nchini Tanzania, michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003. Kenya ilipitisha sheria mpya ya kudhibiti kamari mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Katika nchi zote mbili, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari.

Sharti hilo lina uzito wa pekee hapa, kwa kuwa mashabiki wa michezo ya kielektroniki ni vijana, na wengi huujua mchezo kabla ya kuwa na kitambulisho. Mzazi anayemwona mwanawe akitazama mashindano ya Dota 2 anaweza kudhani ni mchezo tu, na pengine ni hivyo. Lakini akimsikia akitaja damu ya kwanza kila baada ya dakika chache huku simu ikiwa mkononi, ana haki ya kuuliza ni damu ya nani na kwa shilingi ngapi.

Jambo la kukumbuka

Masoko ya awali si uchawi wala si utapeli kwa asili yake. Ni ubashiri juu ya tukio dogo, lenye bahati nyingi kuliko ustadi, lililowekewa bei ya juu na kampuni inayojilinda, na linaloweza kuchezewa na mtu mmoja asiye mwaminifu. Anayeufahamu mchezo vizuri atafurahia zaidi kuutazama, na ataelewa kwa nini raundi ya bastola huwanyanyua watu vitini.

Lakini kuufahamu mchezo na kuishinda odi ni mambo mawili. Mchezaji bora wa dunia anaweza kutoa damu ya kwanza leo na kuinua kombe jioni hiyo hiyo. Aliyeweka fedha zake juu ya damu hiyo hana jioni ya kungojea. Hesabu yake imefungwa dakika ya tatu.